Laptopu zinazogeuka kuwa kishikwambi: nimekaa nayo miaka miwili hapa Arusha, njooni tuambizane ukweli

MwalimuWaSakina (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki naulizwa swali lile lile na walimu wenzangu, na vijana wa chuo: "Mwalimu, hiyo laptopu yako inayojikunja vipi, ninunue?" Nimechoka kujibu vipande vipande WhatsApp, kwa hiyo namwaga yote hapa. Mwenye uzoefu aongeze, mwenye kupinga apinge, matusi hapana.

Kwanza tuelewane, maana dukani watu wanachanganya. Kuna zile ambazo skrini inazunguka mpaka mgongoni na kibodi inabaki chini yake. Humo wamo Lenovo Yoga (hawa walianza 2012), HP za x360 na ThinkPad X1 Yoga. Halafu kuna za kuchomoa, ambazo kompyuta nzima imekaa nyuma ya kioo na kibodi ni kama jalada tu, unalibandua ukitaka. Humo ndimo ilimo Surface Pro. Na msidhani ni mambo mapya. Microsoft walikuwa wanalinadi wazo hili tangu 2002 kwa jina la Tablet PC, na ThinkPad X41 ya 2005 ilikuwa na toleo lenye shingo moja katikati, skrini inageuka kama kichwa cha bundi.

Mimi nafundisha hesabu na fizikia sekondari, jioni nina tuisheni nyumbani. Kishikwambi ninacho, vile vya Sensa ya 2022 tulivyokuja kugawiwa walimu. Kwa kusoma na kujaza taarifa kinanitosha kabisa. Ila jaribu kuandika hesabu za kalkulasi kwa kidole mbele ya darasa halafu uje unisimulie. Ndiyo maana nikatafuta ya kujikunja, ya mtumba, shilingi 780,000, duka la jirani na Soko Kuu. Kampuni siitaji kwa sababu nina malalamiko nayo huko mbele.

Faida kwangu ni moja kubwa, nyingine ni mapambo. KUANDIKA. Naichomeka kwenye projekta, naikunja inalala mezani kama daftari, natoa kalamu, naandika huku nimewaangalia wanafunzi. Miaka kumi na moja nimewapa mgongo nikiandika ubaoni, sikujua kabisa nani analala. Sasa najua wote, na wenyewe wanajua kwamba najua. Kipindi kikiisha, nilichoandika nakitoa PDF, aliyekuwa mgonjwa anakipata jioni hiyo hiyo. Mitihani ya zamani ya NECTA naifungua kama picha ya karatasi, nafanya swali juu yake kwa wino mwekundu. Natumia Xournal++, ni ya bure, wengine wanapenda OneNote. Kazi hii peke yake imeshanirudishia hela yangu.

Umeme ukikatika projekta inakufa, yenyewe inaendelea kwa betri. Naisimamisha kama hema, watoto wa tuisheni wanaizunguka kama wanaota moto. Hilo nalo nalipenda.

Sasa maumivu.

Kama kishikwambi, haifai. Nasema haifai. Ina kilo moja na robo hivi, kishikwambi cha kawaida ni kama nusu kilo. Kuishika mkononi ni sawa na kumbeba mtoto aliyelala: dakika tano za kwanza raha, baada ya hapo unatafuta pa kumlaza. Vidole vinagusa vitufe vya kibodi huko nyuma, unajikuta unashtuka kama umeharibu kitu (hujaharibu, vinazimika vyenyewe). Feni inakupulizia joto mkononi. Na Windows yenyewe haijawahi kuwa tamu kwa kidole, vialama ni vidogo, kibodi ya kwenye kioo inaibuka wakati huitaki.

Kalamu haikuja na mashine. Nikaagiza moja Kariakoo, ikafika kwa basi siku ya pili, haiandiki hata nukta. Kumbe kalamu zina madhehebu! Kuna za mfumo wa Microsoft, kuna za Wacom (kampuni ya kalamu za kuandikia kwenye kioo) zenye betri, kuna za Wacom zisizo na betri, na hazisalimiani. Ukinunua, jua kwanza kioo chako ni cha dhehebu gani. Elfu sabini zikaniponyoka hivi hivi.

Kisha mwezi wa kumi na nne, naifungua asubuhi nikasikia "ta!" kona ya kushoto. Bawaba. Zile nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwenye plastiki ziling'oka, kasha likapasuka. Matengenezo elfu sitini, na tangu siku hiyo naifungua kwa adabu kama mlango wa mkwe.

Kioo sijavunja, ila niliuliza bei kwa tahadhari. Niliyoambiwa ni karibu nusu ya bei niliyonunulia mashine nzima.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue kwa sababu inageuka. Kugeuka kunakuvutia wiki mbili, unawaonyesha shemeji zako, basi. Jiulize unaandika au kuchora kwa mkono mara ngapi kwa wiki. Kama ni kila siku, tafuta. Kama hakuna, hela hiyo hiyo inakupa laptopu ya kawaida yenye nguvu zaidi.

KahawaChungu

Nimekaa siti ya mbele, ngoja wajuzi waje.

FundiWaKaloleni

Mwalimu umesema kweli kuhusu bawaba, ila umewaacha watu na hofu bila dawa. Mezani kwangu hizi hazikosekani.

Bawaba inauawa na mambo mawili. Kwanza, kufungua kwa kushika kona moja. Za kujikunja bawaba zake zimekazwa sana ili skrini isimame popote utakapoiachia. Ukivuta kona ya kulia, bawaba ya kushoto inachelewa, kasha linajipinda, nati inang'oka. Shika katikati au tumia mikono miwili. Pili, vumbi letu. Udongo wa huku ni wa volkano, una chenga kali, ukichanganyika na grisi ya bawaba unakuwa msasa. Mwenye mashine alete mara moja kwa mwaka, nasafisha, natia grisi mpya, nakaza. Kazi ya nusu saa. Watu wanaleta ikishapasuka.

Kuna waya bapa unapita kwenye bawaba kwenda kwenye skrini. Nao unachoka. Ukiona picha inakatika ukiikunja zaidi ya nusu na inarudi ukiirudisha, tatizo ni waya, usikubali kuuziwa skrini.

Kinachonichekesha ni "fundi, kibodi imekufa". Ndani kuna vihisio vinavyoiambia kompyuta kwamba skrini imezungushwa nyuma, hapo kibodi inazimwa makusudi. Kihisio kikichanganyikiwa, kibodi inabaki imezimwa hata ukishairudisha kama laptopu. Dada mmoja alikuwa ameshauziwa kibodi mpya mahali pengine, na mpya nayo "imekufa". Nikachomeka kibodi ya nje, nikaweka upya draiva za vihisio, nikaizima na kuiwasha. Ikarudi. Mwingine laptopu yake ilikuwa inalala kila akianza kazi. Nikamwangalia akifanya, nikaona simu yenye kava la sumaku anailaza pale pale pembeni ya padi ya kugusia. Sumaku inaidanganya mashine kwamba imefungwa. Nilimtoza elfu mbili ya ushauri, akanuna.

Mkienda dukani, fungueni Paint, chora mistari ukifunika kioo chote mpaka kwenye kona. Mstari ukikatika mahali pale pale kila mara, tachi imekufa hapo. Iache mezani dakika kumi bila kuigusa, ukiona kishale kinajiendea chenyewe, kimbia. Ikunje mzunguko mzima mara kadhaa. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, itakuonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki chini ya nusu, punguza bei ya betri hapo hapo. Na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kwa nyingi za jamii hii imechomelewa kwenye bodi, ukinunua yenye GB 8 utazikwa na GB 8. SSD, ile diski ya kuhifadhia mafaili, kwa nyingi inabadilika.

MuuzajiMnaraWaSaa

Fundi na Mwalimu mnatuharibia biashara. Mbona hamsemi kwamba hizi mashine zinatoka maofisini Ulaya na Marekani zikiwa safi, kasha la alumini, kibodi yenye taa? EliteBook x360 1030 G2 kwa bei ya sasa utapata wapi laptopu nyepesi ya namna hiyo? Mtu anapata mbili kwa bei ya moja.

FundiWaKaloleni

@MuuzajiMnaraWaSaa kaka yangu, nakuheshimu, ila na hili lisemwe. G2 ni ya 2017, prosesa ya Intel kizazi cha saba. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana G2 zimeshuka bei. Mwambie mteja. Akiongeza kidogo anapata G3 ambayo inakubali. Kwa ThinkPad X1 Yoga ni hivyo hivyo, atafute ya 2018. Surface Pro atafute 6 na kuendelea.

MuuzajiMnaraWaSaa

Windows 11 tunaiweka hata kwenye G2, inatembea.

FundiWaKaloleni

Inatembea, sikatai. Mwambie tu kwamba ameingia kwa mlango wa uani.

DerevaWaVumbi

Mimi ni mpeleka watalii, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, miaka mingi sasa. Nilinunua ya kujikunja nikiamini nitakuwa nawaonyesha wageni ramani na picha za ndege ndani ya gari. Nisikilizeni.

Jua la saa saba mchana Serengeti, paa la Land Cruiser limenyanyuliwa, kile kioo kinakuwa kioo cha kujinyolea. Unajiona mwenyewe na kofia yako. Nilipandisha mwanga mpaka mwisho, bado. Kumbe kuna EliteBook zina kitu kinaitwa Sure View, cha kumzuia jirani asichungulie, kikiwashwa kinafifisha skrini. Yangu kilikuwa kimewashwa na mimi sijui! Nilikizima, ikawa afadhali, lakini afadhali tu.

Halafu GPS. Simu ya laki mbili inayo, kishikwambi cha bei chee kinacho, laptopu ya mamilioni haina. Zile zenye sehemu ya laini ya simu mara nyingi huwa nayo, hizi za kawaida zinabahatisha mahali kwa kutumia WiFi, na huko Ndutu WiFi ni ya nyumbu. Nilikuwa na ramani nzuri isiyojua niko wapi.

Na chaji. Kishikwambi kinachajiwa na kitu chochote kwenye gari. Hii inataka chaja ya Taipu Si yenye wati 45 au 65, ukichomeka ile ya simu inakwambia inachaji huku asilimia zinashuka.

Ilipofaa ni jioni, hotelini. Naisimamisha mezani bila kibodi kuwa mbele, mgeni anapitisha picha zake kwa kidole, tunapanga kesho. Wazee wa Kijerumani wanafurahi sana. Lakini kwa hilo moja tu, hapana. Nimerudi kwenye kishikwambi garini na laptopu ya kawaida ofisini. Ya kujikunja ameichukua binti yangu anachorea.

MchoraVitenge

Mimi niko Moshi, nachora michoro ya vitambaa na kadi za harusi. Natumia ya kuchomoa, Surface Pro, huu mwaka wa tatu. Nimesoma uzi wote nikaona wanaume mnazungumzia bawaba tu, haya na za kuchomoa nazo zina habari zake.

Uzuri wake ni kwamba ukishabandua kibodi unabaki na kitu chenye uzito kama gramu 770 au 790. Bado si kishikwambi cha kushikia kitandani, lakini mkono hauniumi. Skrini yake si ndefu kwa upana kama za sinema, ni ya 3 kwa 2, inakaa kama karatasi. Kwa mchoraji hiyo ni raha tupu. Nachora kwenye Krita, haidai senti.

Ubaya: ule mguu wa nyuma unahitaji meza. Mapajani haikai, kona za mguu zinakuchoma mapaja na kibodi inayumba kama kitanda cha kamba. Arusha kwenda Moshi ni kilomita themanini na kidogo, nimejaribu kufanya kazi ndani ya basi, nikaishia kuikumbatia. Kwa hilo za kujikunja zinanishinda, nakubali.

Kingine, wanaochora wajaribu kuchora mstari wa mshazari TARATIBU, kwa rula. Vioo vingine mstari unatoka umetetemeka kama wa mlevi. Ukiandika hesabu hutaona. Ukichora ua la kitenge utalia.

Na jamani, Surface Pro 4 mtumba ziangalieni sana. Nyingi skrini yake inaanza kutetemeka ikishapata moto. Si maneno ya mtaani, Microsoft wenyewe walikubali na walikuwa wanawabadilishia watu mashine ndani ya miaka mitatu tangu kununua. Hiyo miaka imeshapita zamani. Kuifungua nayo ni kazi, kioo kimegundishwa. Fundi atakwambia.

FundiWaKaloleni

Dada kasema. Hizo za zamani nikiletewa namwambia mteja kabla sijashika bisibisi: kioo kinaweza kupasuka wakati wa kukibandua, na kikipasuka ni chako. Nusu yao wanaondoka nazo.

KahawaChungu

Kwa hiyo mnasema nini, ninunue nisinunue? Wengine tunataka jibu fupi, ndizi ziko jikoni.

MwalimuWaSakina

@KahawaChungu unaandika kwa mkono kila siku?

KahawaChungu

Naandika madeni ya dukani.

MwalimuWaSakina

Daftari la kurasa 96, Mangi.

KijanaWaNjiro

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma uhasibu Njiro, mwaka wa pili. Bumu limeingia, pamoja na alichoniongezea mama nina laki nane na nusu. Darasani vijana wengi wana za kujikunja na kusema kweli nazitamani. Somo langu ni jedwali na Excel kwa wingi, ila lekcha anatoa slaidi za PDF na mimi napenda kuandika pembeni yake. Sasa nimechanganyikiwa. Nikinunua ya kujikunja ya kizazi cha nane inabaki hela ya nauli tu. Nikinunua ThinkPad ya kawaida napata RAM 16 na chenji ya kama laki mbili.

MwalimuWaSakina

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri kuliko sisi tulivyojibu.

Hesabu yako mimi naiona hivi. Laki nane na nusu ni ya mashine peke yake. Ongeza kalamu inayoendana nayo. Ongeza grisi ya Fundi kila mwaka. Ongeza wasiwasi: bweni la watu wanne, kioo kimoja, na bei ya kioo hicho umeisoma juu. Halafu Excel. Excel inataka kibodi nzuri, kipanya na skrini kubwa. Kwa kidole utachagua safu moja, itachaguka nyingine. Hiyo ndiyo kazi yako saa ngapi kwa siku? Kuandika pembeni ya slaidi ni saa ngapi?

Sikukatazi. Mimi nisingekuwa na yangu ningekuwa bado nina chaki kwenye mapafu. Ila fanya jaribio moja. Nenda dukani na PDF ya lekcha wako kwenye flashi. Mwombe muuzaji akufungulie, shika kalamu yake, andika ukurasa mzima wa maelezo ukiwa umesimama pale kaunta. Ukurasa mzima, usiandike jina lako tu halafu utabasamu. Kisha fungua Excel hapo hapo, ingiza jedwali la leja la mistari kumi. Utajua mwenyewe kabla hujatoka mlangoni.

MuuzajiMnaraWaSaa

Aje kwangu, kalamu ipo na kiti nitampa.

FundiWaKaloleni

Kuhusu kalamu nilisahau. Zile za mfumo wa Microsoft na nyingi za Wacom zenye betri zinatumia betri nyembamba, AAAA, nne hizo. Madukani huku ni bidhaa adimu. Baadhi ya betri za volti 9, zile za mraba za redio na maiki, ukizifungua zina vijiti sita ndani na vijiti hivyo ndivyo AAAA. Baadhi, si zote, nyingine zina vipande bapa. Fungua kwa koleo taratibu, usitoboe kijiti, na uangalie chanya na hasi kabla ya kuweka maana huwa vimegeuzwa.

MwalimuWaSakina

Fundi, miaka miwili naagiza betri Dar kumbe ziko kwenye maiki ya kwaya!

MchoraVitenge

🤣🤣 Mwalimu usije ukaiacha kwaya bila sauti Jumapili.

KijanaWaNjiro

Wakubwa, mrejesho. Nilienda jana na flashi, duka si la kaka wa Mnara wa Saa, anisamehe, nilipita lililo njiani. Ukurasa wa kwanza wa slaidi niliandika vizuri, nikapenda sana. Wa pili mkono ukachoka na mwandiko wangu ukawa wa daktari. Excel nilishindwa kabisa bila kuirudisha iwe laptopu, na nilipoirudisha nikasema sasa hii si laptopu tu?

Nimechukua ThinkPad ya kawaida, kizazi cha nane, RAM 16. Slaidi nitakuwa nachapisha, kurasa nne kwenye karatasi moja. Ila ya rafiki yangu mwenye x360 bado naitamani, sitaki kusema uongo.

FundiWaKaloleni

Hongera. Mwambie huyo rafiki yako aniletee nimkazie bawaba kabla haijasema "ta".